Ibada ya Katikati ya Wiki Chuoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufika na Baada ya Kufika

Kijana akichaguliwa kujiunga na chuo cha kanisa, nyumbani wote huinamia fomu wakitafuta mambo matatu: ada, kozi na mahali pa kulala. Mstari unaotaja ibada ya pamoja ya kila wiki husomwa harakaharaka. Muhula unaanza, siku ya ibada inafika, vipindi vinasimama, ofisi zinafungwa, watu wanaelekea kanisani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anabaki na maswali ambayo hakuna aliyemjibu. Ni lazima niende? Nikikosa, itaandikwa wapi? Mimi ni Mwislamu, nifanye nini? Mimi nimelelewa katika kanisa la Kipentekoste na hapa wanasoma sala kitabuni, nitafuataje?

Makala haya yanajibu maswali hayo, kwa mwanafunzi na kwa mzazi anayemlipia. Msimamo wangu ni huu: saa hiyo moja ni hazina ya chuo cha Kikristo, na humfaa zaidi yule aliyeuliza taratibu zake mapema, kisha akashika kazi ndani yake. Anayefika kwa ajili ya kusaini karatasi tu hupoteza saa yake. Chuo kinachoridhika na karatasi hiyo kinampoteza kijana mwenyewe.

Ibada ya chuo ni ipi

Ibada ya chuo ni mkutano wa chuo kizima mbele za Mungu, siku ya kazi, ndani ya ratiba rasmi. Mwanafunzi, mhadhiri, mpishi, mlinzi na mkuu wa chuo hukaa kwenye mabenchi yaleyale. Katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichoko Mukono, na katika Daystar nchini Kenya, Jumanne na Alhamisi zimekuwa siku za ibada kwa miaka mingi. Vyuo vingine vina siku moja tu, na vingine huwa na sala fupi kila asubuhi kabla ya vipindi.

Usiichanganye na ibada ya Jumapili ya usharika au parokia, wala na vikundi vya wanafunzi. Tanzania ina USCF na TAFES, Wakatoliki wana TMCS, Wapentekoste wana CASFETA na Waadventista wana TUCASA. Vikundi hivyo huendeshwa na wanafunzi wenyewe, mara nyingi jioni au mwisho wa wiki, na kujiunga ni hiari. Ibada ya katikati ya wiki ni kazi ya chuo, chini ya mchungaji, kasisi au padri mlezi aliyeteuliwa. Ukiwa na lalamiko kuhusu kikundi, peleka kwa viongozi wa kikundi. Ukiwa na lalamiko kuhusu ibada ya chuo, peleka kwa mlezi huyo au kwa mshauri wa wanafunzi.

Ilikotoka

Vyuo vingi vya kanisa Afrika Mashariki vilianza vikiwa vyuo vya kufundishia wachungaji. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilianza mwaka 1903 huko Freretown, Mombasa, katika makazi ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1930 kikahamia Limuru, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu. Kile cha Mukono kilikua kutoka Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker kilichoanzishwa mwaka 1913. Chuo cha Kilutheri cha Makumira kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954.

Katika vyuo hivyo ibada ilikuwa sehemu ya mafunzo. Mwanafunzi alisoma neno, akaongoza sala, akahubiri mbele ya walimu wake, kisha akasahihishwa. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wanafunzi wa sheria, ualimu, biashara na kompyuta. Ibada ikabaki, lakini waliomo ndani wakabadilika: wapo wa madhehebu mengi, wapo Waislamu, wapo wasio na dini. Maswali mengi ya leo kuhusu mahudhurio, lugha na mtindo wa nyimbo yanatokana na badiliko hilo. Ukilijua, utaelewa kwa nini mzee mmoja anailinda liturujia kwa nguvu zote huku kijana akiomba gitaa na ngoma. Kila mmoja anatetea jambo lenye maana kwake.

Saa hiyo inavyokwenda

Ibada nyingi za katikati ya wiki huchukua takriban saa moja. Kwa kawaida huwa na wimbo wa kuanza, sala, somo la Biblia, kwaya au timu ya sifa, mahubiri, maombi, matangazo na baraka. Msemaji akianza kwa "Bwana Yesu asifiwe", waliopo huitika "Amina". Kwa Wakatoliki utasikia "Tumsifu Yesu Kristo", na kiitikio chake ni "Milele na milele, amina". Kuitikia salamu si mtihani. Ukinyamaza kwa kuwa huna mazoea hakuna aliyekosewa.

Tafuta mapema kitabu cha nyimbo kinachotumika. Walutheri wa Tanzania hutumia *Mwimbieni Bwana*, Waadventista *Nyimbo za Kristo*, na *Tenzi za Rohoni* utaikuta katika makanisa mengi ya Kiinjili. Kitabu kimoja cha kushirikiana chumbani kinatosha. Anayejua namba ya wimbo na kiitikio chake huacha kujiona mgeni mapema sana.

Taratibu za madhehebu

*Kilutheri na Kianglikana.* Ibada hufuata liturujia iliyoandikwa: kiongozi anasema, waumini wanajibu. Kalenda ya kanisa huongoza masomo na rangi za madhabahu, kuanzia Majilio hadi Kwaresima, Pasaka na kuendelea. Kama ni mara yako ya kwanza, kaa katikati ya kanisa badala ya mbele kabisa, ili uone wenzako wanaposimama na wanapopiga magoti. Siku ya Chakula cha Bwana, uliza kabla kama wageni wa madhehebu mengine wanakaribishwa mezani.

*Kikatoliki.* Kiini ni Misa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichokua kutoka kituo cha mafunzo cha Nyegezi kilichoanzishwa mwaka 1960, hupokea wanafunzi wa kila dini, na vyuo vingine vya Kikatoliki hufanya vivyo hivyo. Asiye Mkatoliki anakaribishwa kusali na kusikiliza, ila hapokei Komunyo. Wengine wakipanga mstari, wewe baki mahali pako kwa utulivu.

*Kiadventista.* Hapa juma lote linapangwa kuizunguka Sabato, tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Hakuna vipindi wala mitihani katika saa hizo. Ndivyo ilivyo Baraton nchini Kenya na katika Chuo Kikuu cha Arusha kilichoko Usa River. Makumira nayo iko Usa River. Basi mwombaji anayelinganisha vyuo hivyo viwili majirani analinganisha pia mwendo wa juma lake: siku gani atafua, atasafiri lini, atajisomea lini.

*Vyuo vya madhehebu mchanganyiko.* Daystar ni mfano wake. Nyimbo za sifa huwa nyingi, wahubiri wageni hualikwa, na sala nyingi hazisomwi kitabuni. Anayetoka katika kanisa la liturujia aingie bila haraka ya kuhukumu. Asiyeinua mikono hadharauliwi, na anayeinua asidharauliwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini fomu

Piga simu, andika barua pepe, au fika ofisini. Uliza haya:

1. Ibada ya chuo ni siku gani, saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki?
2. Mahudhurio ni ya lazima au ya hiari? Kama ni ya lazima, yanawahusu wote, wakazi wa bweni tu, au wanafunzi wa shahada ya kwanza tu?
3. Mahudhurio yanachukuliwaje, na ni mara ngapi mtu anaruhusiwa kukosa katika muhula?
4. Anayezidisha anafanywa nini? Anaitwa kuzungumza, anapewa onyo, au inagusa kuhitimu kwake?
5. Mwanafunzi wa dini nyingine au dhehebu jingine amewekewa utaratibu gani, na umeandikwa wapi?
6. Wanafunzi wa jioni, walioajiriwa, na walio kwenye mafunzo kwa vitendo wanahesabiwaje?
7. Kuna sheria ya mavazi ya siku ya ibada?

Omba kitabu cha sheria za wanafunzi na usome sehemu inayohusu ibada. Majibu ya mdomo ya getini hayatakusaidia miaka mitatu baadaye. Mzazi naye asome, kwa maana mara nyingi sahihi yake iko kwenye fomu hiyo.

Lazima au hiari?

Suala hili limezungumzwa duniani kwa muda mrefu. Harvard, kilichoanzishwa na Wakristo waliotaka wahubiri wasomi, kiliacha kulazimisha ibada mwaka 1886. Yale kilifuata mwaka 1926. Vyuo vingine vya Marekani, kama Wheaton katika jimbo la Illinois, vimeendelea kuwataka wanafunzi wahudhurie hadi leo.

Huku kwetu katiba zina neno. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dhamiri na dini, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kila mtu kuchagua dini, na pia inayaacha mambo ya uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za serikali. Chuo cha kanisa kinasimama kati ya mambo hayo mawili: kina haki ya kuwa cha Kikristo waziwazi, na kinadaiwa kuheshimu dhamiri ya yule kiliyempokea. Ndiyo maana masharti yaliyoandikwa na kuelezwa mapema ni muhimu sana. Mtu aliyejua na kukubali hana kinyongo. Aliyeshtukizwa anacho, na ana sababu.

Mimi naamini sharti la mahudhurio lina faida moja, nayo ni kuwakusanya watu ambao wasingekutana. Lakini nguvu yake inaishia hapo. Tarehe 8 Februari 2023 katika Chuo Kikuu cha Asbury, Kentucky, kulikuwa na ibada ya kawaida ya Jumatano ambayo mahudhurio yake huhesabiwa. Baada ya baraka, baadhi ya wanafunzi walibaki wakiimba na kuomba. Wengine wakarudi. Mkutano ule uliendelea zaidi ya wiki mbili na kuvuta maelfu ya watu kutoka mbali. Sharti liliwaleta wanafunzi asubuhi ile, ila kubaki walichagua wenyewe. Chuo kinachotaka ibada iliyo hai kifanye kazi kubwa zaidi katika kumfanya mtu atake kubaki.

Kama wewe si Mkristo, au ni wa dhehebu jingine

Waislamu wengi husoma katika vyuo vya kanisa Tanzania, Kenya na Uganda, na wengi humaliza kwa heshima na urafiki wa kudumu. Fanya haya. Wiki ya kwanza, mwone mshauri wa wanafunzi na umweleze imani yako bila kuficha. Uliza kama unatakiwa kuwapo, na kama ndiyo, kuwapo kwako kunadai nini. Kukaa na kusikiliza mahubiri ni jambo moja. Kukiri imani, kupokea sakramenti au kuombewa kwa kuwekewa mikono ni jambo jingine, na una haki ya kukataa kwa adabu. Neno "samahani, mimi nitabaki nimekaa" linatosha. Uliza pia kuhusu nafasi ya swala ya Ijumaa na chakula cha mwezi wa Ramadhani. Ni haki yako kujua jibu mapema, hata likiwa halikupendezi.

Wewe Mkristo unayekaa naye chumba kimoja una wajibu wako pia. Usimvizie mwenzako, usimtanie kwa sababu ya kukaa kimya kanisani, wala usimripoti. Akitaka kuuliza habari za imani yako atakuuliza, hasa akikuona unaiishi.

Namna ya kuingia na kukaa

V. Raymond Edman, aliyekuwa mkuu wa Wheaton kuanzia mwaka 1940 hadi 1965, alisimama mbele ya wanafunzi tarehe 22 Septemba 1967 akazungumzia jambo hili hasa. Aliwasimulia jinsi alivyopokewa na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, na taratibu za heshima alizopaswa kuzifuata mbele yake. Kisha akawaambia kwamba ibadani wanakuja mbele za Mfalme aliye mkuu zaidi, hivyo waingie kwa utulivu na kwa moyo ulio tayari. Akiwa bado anazungumza alianguka na kufariki. Ukumbi ule mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Heshima hiyo kwa vitendo ni mambo madogo. Fika dakika tano kabla. Zima mlio wa simu. Ukisomea Biblia kwenye simu, zima intaneti ili ujumbe usikuvute. Usifanye kazi ya darasani wakati wa mahubiri. Nenda na daftari dogo uandike andiko na wazo moja. Ukichelewa, subiri mlangoni hadi sala iishe ndipo uingie. Vaa mavazi ya heshima kama sheria za chuo zinavyosema, na usijilinganishe na aliyevaa vizuri zaidi.

Shika kazi

Njia ya uhakika ya kuipenda ibada ni kuihudumia. Kwaya ndiyo mlango uliozoeleka, lakini si kila mtu anaimba. Kuna kusoma neno, kuongoza maombi, kukaribisha wageni, kupanga viti, kushughulikia vipaza sauti na projekta, kutafsiri mahubiri, na kutafsiri kwa lugha ya alama. Mwanafunzi wa ualimu anayesoma Biblia mbele ya mamia ya watu anajifunza kupaza sauti na kutulia. Wa uhasibu anayesaidia kuhesabu sadaka na kuandika taarifa anajifunza uaminifu penye macho ya watu. Chagua kazi moja tu kwa muhula, uifanye vizuri, halafu umwachie mwingine zamu.

Angalizo: huduma isimeze masomo. Ukiona mazoezi ya kwaya yanakula usiku wa mtihani, mwambie kiongozi wako waziwazi. Mzazi hakuuza mahindi ili mwanawe arudi nyumbani na sare ya kwaya bila cheti.

Ratiba zikigongana

Wanafunzi wa uuguzi na udaktari walio zamu wodini, walimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, na wale wanaofanya kazi mchana hukwama mara nyingi. Usinyamaze ukitegemea kwamba mambo yataeleweka. Andika barua fupi kabla ya kukosa, ukieleza siku, saa na sababu, na uambatanishe ratiba ya zamu. Peleka kwa anayehusika na mahudhurio, ubaki na nakala iliyopokewa. Mhadhiri akipanga jaribio saa ya ibada, mwakilishi wa darasa amkumbushe kwa heshima, na isipofaa apeleke kwa mkuu wa idara.

Mlezi wa kiroho: msaada na mipaka

Faida kubwa ya ibada ambayo wanafunzi huichelewa ni kwamba inakujulisha kwa mtu wa kumwendea siku mbaya. Msiba, ada iliyokwama, mimba isiyotarajiwa, ulevi, mashaka ya imani: yote yanapelekwa kwake. Usisubiri muhula wa mwisho. Jitambulishe mapema, hata kwa salamu tu: "Shikamoo Mchungaji, naitwa fulani, nasoma mwaka wa kwanza."

Uliza mwanzoni ni nini kitabaki siri. Kwa Wakatoliki siri ya kitubio haivunjwi kabisa. Katika mazungumzo mengine, mlezi mwema atakwambia kwamba maisha yako yakiwa hatarini atatafuta msaada zaidi. Na sala haizuii matibabu. Ukikosa usingizi usiku mwingi mfululizo, au ukiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda pia zahanati ya chuo au hospitali siku hiyohiyo, tena usiende peke yako.

Zipo dalili za hatari. Mtu akikudai fedha binafsi ili uombewe, akikuita usiku chumbani peke yako, akikwambia uache dawa au uwafiche wazazi, ondoka hapo, hata kama anashika Biblia. Toa taarifa kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia, ambalo vyuo vingi vya Tanzania sasa vinalo. Sadaka nayo ni ya hiari. Usione haya kukosa kitu cha kuweka kapuni.

Neno kwa wanaoiandaa

Anzeni na kumaliza kwa saa iliyotangazwa, maana kuna kipindi kinachofuata. Tangazeni mapema somo na mhubiri wa kila wiki. Mahubiri yaguse maisha ya mwanafunzi: mikopo, mapenzi, udanganyifu katika mitihani, ajira. Mpeni mwanafunzi wa kike mimbari, na si kipaza sauti cha kwaya peke yake. Wekeni njia ya mtu mwenye ulemavu kuingia bila kubebwa. Fupisheni matangazo. Na mwisho wa muhula waulizeni wanafunzi nini kimewajenga, kisha wasikie mmebadilisha nini.

Mpango wa mwezi wa kwanza

Wiki ya kwanza, soma sheria na umwone mshauri wa wanafunzi kama una jambo la imani. Wiki ya pili, tafuta kitabu cha nyimbo na uhudhurie ukiwa na daftari. Wiki ya tatu, msalimie mlezi wa kiroho. Wiki ya nne, andikisha jina lako kwenye kazi moja. Mwanafunzi atakayefanya hayo manne atakuwa amejiwekea, kabla ya mitihani ya kwanza, watu watakaomkosa siku asipoonekana. Ukiwa mbali na kwenu, hao ni ndugu, na chuo cha Kikristo kipo ili uwapate.